Karatasi za Usingizi

Sista Salome tumemzika Jumatano iliyopita. Sasa nimebaki peke yangu ninayejua tulichofanya mwaka ule, na naona niandike kabla na mimi sijamfuata. Pale msibani watu walisimama mmoja mmoja kumsifu: mpole, mcha Mungu, hajawahi kumpandishia mgonjwa sauti. Upole huo mimi sikuuona. Salome alikuwa na ulimi wa kukwangua sufuria, na siku yangu ya kwanza kazini alinitukana kwa sababu nilishika beseni safi kwa mkono mchafu. Zamu yangu ya kusema ilipofika, nilisema tu kwamba chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi, nikakaa. Binti yake alinitazama kama nimemdhulumu mama yake. Nisamehe, mwanangu. Nilichokuwa nacho hakikuwa cha kusemwa chini ya turubai, mbele ya watu wanaosubiri wali.

Ulikuwa mwaka wa operesheni, watu walipotolewa kwenye makazi yao ya zamani mbugani na kupangwa kwenye vijiji vipya. Nani alinizaa na nilikulia wapi si habari ya hapa. Nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, nimepanga chumba mtaa wa Ng'ambo, na nilikuwa mhudumu wa wagonjwa wa nje katika hospitali moja ya Tabora. Mhudumu maana yake ni mtu wa kudeki, kuchemsha sindano, kumwaga makopo ya makohozi, na kuitwa. Chumba cha wagonjwa kilikuwa kirefu, kimepakwa rangi ya maziwa juu na kijani chini, na mabenchi yake ya mninga yalikuwa yamesuguliwa na makalio ya watu mpaka yanang'aa kuliko meza ya daktari. Kilinuka dawa ya kudekia, moshi wa jiko la mafuta ya taa, na jasho la watu waliotoka mbali kwa miguu. Pembeni palikuwa na stoo, na humo ndimo mimi na Salome tulikunywa chai na kutafuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, pamoja na karanga. Ukuta wa stoo haukufika darini. Lolote lililosemwa ofisini kwa daktari tulilisikia.

Daktari Kileo alikuja kutoka Dar es Salaam na boksi la karatasi za stensili zinazonuka wino. Alikuwa kijana mwembamba wa shati la kaunda, na hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu msomaji hupenda pawe na mtu mbaya. Alikuwa ameona kwamba wengi wanaokuja na kichwa, mgongo au tumbo kumbe hawalali, na hakuna anayewauliza. Basi akatunga maswali manane. Unachukua muda gani kupata usingizi? Unaamka mara ngapi? Ukiamka unarudi kulala? Katika wiki ni siku ngapi hukulala? Na mengine ya namna hiyo. Lakini kabla maswali hayajapelekwa hospitali nyingine ilibidi yapimwe, na mimi sikuelewa swali linapimwaje.

"Umeona mzani wa tumbaku kule sosaiti ya ushirika?" aliniuliza. "Mkulima akiweka robota lake leo, unasema uzito fulani. Akiliweka tena kesho, useme vilevile. Ukisema tofauti, mzani mbovu. Maswali nayo ni hivyo. Utamuuliza mgonjwa leo, na akirudi baada ya wiki mbili utamuuliza tena, maneno yaleyale, bila kuongeza wala kupunguza. Na akijibu, rudia jibu lake kwa sauti, akubali, ndipo uandike."

Alinichagua mimi kwa sababu nilijua Kinyamwezi, na kusoma nilikuwa nimejifunza kwenye darasa la elimu ya watu wazima, nikiwa bado na ile fahari ya mtu aliyejua kusoma ukubwani, ambaye akipita mbele ya duka husoma kibao kwa sauti hata kama hana haja ya kitu. Daktari aliniahidi pia kwamba kazi ikienda vizuri ataniandikia barua ya kwenda kozi ya uuguzi. Sikutaka kitu kingine duniani kuliko ile barua.

Wiki ya kwanza Tabora nzima ililala vizuri. Ukimuuliza mtu asubuhi amelalaje, anajua unamsalimu, na salamu ina jibu moja. Ukimuuliza alichukua dakika ngapi, anakuuliza dakika ni kitu gani. Wazee waliniambia wanasinzia likipita garimoshi la Kigoma, na garimoshi la Kigoma lilipita lilipotaka. Seremala mmoja wa Ng'ambo, Mzee Feruzi, aliyekuja kwa ajili ya mgongo, aliniambia, "Andika Feruzi analala mpaka mkewe anamwekea kioo puani kuona kama yu hai."

"Siku ngapi kwa wiki, mzee?"

"Zote saba, binti. Na Ijumaa nalala mara mbili, mara moja nyumbani na mara moja kwenye hotuba."

Benchi zima lilicheka, na mimi nikacheka, lakini daktari alipotazama karatasi zangu hakucheka. Mchana ule nilikuwa stoo nikamsikia Salome ameingia ofisini kwake.

"Daktari, hawatakwambia hao."

"Wanaona aibu?"

"Si aibu. Huku mtu asiyelala usiku anaulizwa anakuwa wapi wenzake wakilala. Na akiwa mwanamke mzee, macho yameiva kwa moshi wa jikoni, hawamuulizi tena. Wanajua."

"Hayo yataisha, sista," daktari akasema. "Wamesogezwa vijijini wapate shule na zahanati. Yataisha."

"Kule mbugani kila mmoja alikaa mbali na mwenzake. Sasa mmewapanga mlango kwa mlango, watu wasiojuana. Yataisha lini? Basi angalau huyu mhudumu wako, Tatu, awaulize ndani, mlango umefungwa."

"Chumba kiko wapi? Kile kimoja mnafungia vidonda."

"Vidonda vitasubiri."

"Mimi sina muda wa kusubiri vidonda, sista."

Nilisikia yote hayo na kiazi kikiwa mdomoni. Nalikazia hili kwa sababu nimewasikia watu wengi katika umri wangu wakisema hawakujua. Mimi nilijua. Tena nilijua tangu utotoni, kwa namna mama zetu walivyokuwa wakituambia tusiseme nje kwamba bibi ameamka usiku. Nilijua, na nikaona kwamba Salome ananiharibia kozi yangu.

Bibi Kabula alikuja Jumanne iliyofuata. Siku zile mtu wa kijiji kipya hakutoka bila barua, kwa hiyo walikuja wagonjwa watano pamoja, kutoka kijiji kilichokuwa mwendo wa nusu siku kutoka stesheni ya Kigwa, wakiongozwa na balozi wao wa nyumba kumi, ambaye mwenyewe alikuwa na donda kwenye muundi wa mguu. Bibi alikuwa mdogo wa mwili, kifua kinambana, macho mekundu, na alibeba kibuyu kidogo cha asali cha kumpa yeyote atakayemtibu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikaanza kusoma maswali. Analala? Analala. Anaamka? Haamki. Nikaweka kalamu chini. Nikaacha Kiswahili cha karatasi, nikamwambia kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya nyumbani, "Bibi, mimi si mgeni kwako. Nieleze kama unavyomweleza binti yako."

Akacheka kidogo kwa pua.

"Usingizi nimeuacha mbugani, mayu, mwanangu. Baba yangu alikuwa mpagazi, amebeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani kwa njia hii inayopita hapa, naye alikuwa analala amesimama, mzigo uko begani. Mimi nina kitanda na mlango, na silali. Kule nilijua kila kinachopiga kelele, huyu mbwa wa fulani, huyu ndama wa fulani. Hapa wametupanga kama mabehewa, mtu akikohoa simjui. Na mzee wangu nimemwacha kule kaburini peke yake. Nani atamfyekea majani?"

Karatasi haikuwa na nafasi ya mabehewa wala ya kaburi. Karatasi iliuliza siku ngapi.

"Ni siku ngapi kwa wiki hulali, bibi?"

"Zote."

Nami nikarudia kama nilivyofundishwa, kwa sauti ya darasani: "Bibi Kabula halali usiku hata mmoja. Ndiyo?"

"Ndiyo," akasema.

Nikaandika. Nilifurahi, sitaficha. Ilikuwa karatasi yangu ya kwanza yenye jibu la kweli. Nikainua kichwa. Mama aliyekaa ubavuni kwa bibi alimhamisha mtoto wake kutoka goti hili akamweka goti lile la mbali. Balozi alikuwa mtu wa tatu kutoka pale, anazungusha kitambaa kwenye donda lake. Hakutazama. Aliendelea kuzungusha, polepole, mpaka kitambaa kikaisha.

Wiki mbili zilipopita, siku ya Alhamisi, bibi alirudi peke yake, bila barua, bila kibuyu. Sikuwahi hata kufungua karatasi. Alisimama katikati ya chumba akasema kwa Kiswahili, ili watu wote wasikie, "Mimi nalala. Andika. Nalala vizuri siku zote." Halafu akanishika pindo la gauni la kazi, akaling'ang'ania. Nikampeleka stoo, nikamkalisha juu ya gunia.

Surua ilikuwa imeingia kijijini kwao. Mjukuu wa balozi alikufa, na mtoto mwingine nyumba ya pili yake. Mkutanoni balozi alisimama akasema hakuna haja ya kupoteza siku kwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyewaroga, kwani mwenyewe amekiri hospitali, mbele ya mtu wa serikali, na serikali imeandika.

"Hawanitukani, mwanangu," bibi aliniambia. "Wangenitukana ningewatukana na mimi. Wanasema imeandikwa tu."

"Lakini ile si karatasi ya ubaya, bibi. Ni ya dawa."

"Basi niandikie nyingine. Andika Kabula analala, piga muhuri. Wale wanaogopa muhuri. Nikiwa nao mkononi nitaingia nao mkutanoni mwenyewe."

Nilimwacha kwenye gunia nikaenda kwa daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akafuta macho. "Ndugu Tatu, nikibadilisha jibu moja, kazi yote inakuwa uongo. Ana majibu mawili, nitayaweka yote mawili. Na siwezi kuandika barua ya hospitali kwamba mtu analala, nami najua halali. Aende polisi, au ofisi ya chama." Akafungua kabati, akahesabu vidonge sita kwenye bahasha ndogo. "Mpe hivi. Vitamsaidia kulala."

Muhuri ulikuwa kwenye droo ya meza yake. Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la kalamu, nami ndiye niliyekuwa nikipangusa lile kopo kila siku. Daktari angetoka saa sita kwenda wodini, kama kawaida yake. Na juu ya meza, chini ya kokoto alilowekea karatasi zisipeperuke, ilikuwapo barua yangu ya kozi, imeshapigwa taipu, inangoja sahihi. Niliiona. Nikarudi stoo nikampa bibi vidonge, akavipokea kwa mikono miwili, nikamwambia aje Jumatatu.

"Jumatatu ni mbali?" aliniuliza.

"Siku nne."

"Si mbali," akasema, akaondoka kuwahi garimoshi.

Nilimwambia Salome jioni hiyo tukiwa tunaosha vikombe. Nilitegemea matusi. Aliniuliza mambo mawili tu, kama nimemwacha bibi arudi, na kama nilijua ufunguo ulipo. Nikasema ndiyo, na ndiyo. Akamwaga chai yake, akafuta mikono, akaondoka bila kuniaga. Kesho yake daktari alipokwenda wodini, Salome aliingia ofisini kwake wazi wazi, akatoka na barua kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: kwamba Kabula, mgonjwa wa hospitali, amechunguzwa na kuonekana analala usiku kama watu wote, na ugonjwa wake ni wa kifua. Chini yake muhuri wa bluu, duara kamili. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuchemsha sindano. "Shika," aliniambia. "Na usinisemeshe leo."

Jumatatu bibi hakuja. Jumanne niliomba ruhusa ya kwenda msibani, nikidhani nadanganya.

Kutoka Kigwa nilitembea kwa kuulizia. Karibu na kijiji nilimkuta mama mmoja kisimani, nikamuuliza kwa Bibi Kabula ni wapi. Alimalizia kujaza ndoo yake kwanza. "Huyo wamemkata Jumamosi, shambani kwake, mchana," aliniambia. "Polisi walikuja Jumapili wakaandika, wakaondoka. Tumemzika kule mwisho wa shamba la kijiji." Halafu akatazama gauni langu. "Wewe ni wa hospitali? Ndiye wewe uliyemwandika?" Nikasema ndiye mimi. Akajitwika ndoo, akanitangulia.

Nyumba zilikuwa kweli kama mabehewa, mstari mmoja mrefu, na ya Bibi Kabula ilishatolewa mlango. Balozi alinipokea kwa heshima zote za mgeni wa serikali. Alinipa kigoda, akaniita ndugu daktari, akaagiza kuku. Watu wakajaa uani. Akaniuliza ni habari gani iliyonileta. Nilikuwa nimepanga njiani maneno makali, lakini pale kwenye kigoda hayakuja. Nikasema nimeleta barua ya Bibi Kabula.

"Isome," akasema.

Nikaisoma. Niliisoma yote, pamoja na tarehe. Nilipomaliza, balozi aliomba kuishika. Akaweka kidole juu ya muhuri, akakizungusha taratibu kwa kuufuata. Kuku akaletwa na ugali wa mtama. Nikanawa, nikala. Huwa natafuta namna ya kuandika kwamba sikula, lakini nilikula.

Tulipomaliza alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu daktari. Mama yangu naye halali tangu mjukuu wangu afe. Analia, macho yamekuwa mekundu. Watu wameanza kumtazama." Alimwita mama yake, na ajuza mmoja akatoka ndani akijikinga jua kwa kiganja, akasimama mbele yangu kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Mwandikie na yeye," balozi akasema. "Yeye analala. Si unalala, mama?"

"Nalala," yule mama akasema.

Nilikuwa na daftari la darasani kwenye kikapu. Nikachana ukurasa, nikaandika maneno yale ya Salome, neno kwa neno. Nilipoinua uso walikuwa wamejipanga wanawake wazee, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja amelowanisha kona ya kanga anajifuta macho. Nikawaandikia mpaka daftari likaisha. Niliporudi kazini Salome alizipiga muhuri zote, moja baada ya nyingine, mlango wa ofisi ukiwa wazi, na wiki iliyofuata nikazirudisha kijijini mwenyewe.

Daktari Kileo alimaliza kazi yake akaondoka. Mbele ya jina la Kabula aliona majibu mawili yasiyofanana, akaniambia swali la nne ni bovu, itabidi liandikwe upya. Barua yangu aliisaini. Kozi nilikwenda, na nimekula mshahara wake maisha yangu yote.

Kwa muda mrefu nilijituliza kwa neno moja, kwamba karatasi haimzuii mtu mwenye panga, na kwamba hata ningechukua ule ufunguo Alhamisi, bibi angekatwa vilevile. Nilimwambia hivyo Salome mara nyingi. Kila mara aliinuka akaenda kuosha vikombe. Kisha, nikiwa muuguzi wa miaka mingi, alikuja kliniki mama mmoja wa kijiji kile, nikamuuliza habari za mama wa balozi. Akaniambia alikuwa amekufa mvua zilizopita, kwa uzee. Karatasi yake waliishonea ngozi, akaivaa shingoni kama hirizi, na kila watu walipoanza kunong'ona aliitoa nje ya kanga wakanyamaza. Wenzake wote walioandikwa siku ile walivaa zao hivyohivyo.

"Amekufa kitandani?" nilimuuliza.

"Kitandani kwake," akasema. "Wote wamekufa vitandani kwao."